Sifa za Transfoma ya Jikoni

Kwetu Kenya transfoma ni mali ya umma. Hukaa juu ya nguzo, mbunge huiahidi kila uchaguzi, ikifika huchezewa ngoma, na usiku mmoja wezi huja wakainyonya mafuta na kuondoka na shaba yake. Mimi nimejaliwa zangu mwenyewe. Moja iko jikoni, moja chini ya televisheni, na kubwa kuliko zote imekaa kwenye ukumbi, pale pale kidole changu cha mwisho cha mguu kinapopita usiku. Hakuna mbunge aliyeniahidi. Nilizipata kwa njia ya ndoa.

Maana mume wangu ni askari wa jeshi la Marekani, na jeshi hilo limetuleta Ujerumani, kwenye kijiji cha Bavaria. Vyombo vyetu tulivinunua Texas, ambako stima ni volti 120. Hapa ni 230. Blenda ya Texas ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Kijerumani itazunguka kwa furaha isiyo na kiasi, halafu itatoa moshi. Ndipo transfoma hukaa katikati ikawapatanisha. Na kabla hujauliza: ndiyo, stima ya Mombasa ni 240. Blenda ya mama yangu kule Kisauni ingefanya kazi hapa siku ya kwanza, ikibadilishwa plagi tu. Mtu ametolewa kwenye stima ya kwao, akapelekwa kwa stima ngeni, akainunulia vyombo, kisha akarudishwa karibu kabisa na ile ya kwao na kupewa sanduku la chuma la kumsaidia kuizoea. Hiyo ni hekima ya jeshi, nami ni nani hata niihoji.

Fadhila za transfoma ni nyingi. Ni nzito, kwa hiyo haipotei wala haibebwi na mgeni. Ina joto, na majira ya baridi hujua kuniotesha miguu. Hunguruma usiku kucha kama mzee anayevuta uradi, hata nikiwa peke yangu nyumba haiwi kimya. Hufundisha hesabu: blenda wati 700, kibaniko cha mkate 900, transfoma ya jikoni 1,000, na asiyejua kujumlisha hupata jibu lake gizani.

Lakini fadhila kuu ni ya wakati. Transfoma hupunguza volti, ila mizunguko ya stima haiigusi. Ya Marekani ni 60 kwa sekunde, ya Ujerumani 50, na saa yetu ya mezani, ambayo huhesabu muda kwa mizunguko hiyo, hakuna aliyeiambia kwamba tumehama. Kila saa ikipita, yenyewe imehesabu dakika 50. Kwa siku inabaki nyuma saa nne. Wasiofikiri huiita saa mbovu. Tazameni faida! Mume akitumwa miezi tisa, kwa saa hii ametumwa miezi saba na nusu. Jenerali gani amewahi kumrudishia mke mwezi na nusu? Miezi 36 ya kituo hiki imekuwa 30. Ningezaliwa chini ya transfoma, leo nisingekuwa na miaka 42 bali 35, na magoti yangu yangearifiwa hivyo. Uji wa dakika moja kwenye maikrowevu huchukua sekunde 72, lakini uji una haraka gani? Na kuna muujiza. Ukiirekebisha saa hiyo adhuhuri, ukaiacha siku moja na nusu bila kuigusa, itakuwa imebaki nyuma saa sita kamili. Yaani saa ya Texas, ikiwa Bavaria, katikati ya usiku mshale wake husimama kwenye sita, kama inavyompasa saa yeyote aliyelelewa vyema. Kwa dakika moja hivi inasoma Kiswahili. Mimi humwita mwanangu aje aone. Haji.

Ile ya jikoni, tena, ina nasaba. Tuliinunua kwa familia iliyokuwa ikihama, nayo iliinunua kwa nyingine, na ubavuni imeandikwa kwa kalamu nene majina ya wote walioimiliki, kila jina limepigwa mstari na jipya kuandikwa chini yake. La juu kabisa lina mwaka 1994. Yote ni majina ya waume. Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuisogeza.

Ile kubwa ya ukumbini ndiyo mwalimu mkuu. Ukiiwasha, huvuta stima kwa mpigo mmoja mpaka swichi ya usalama inajikata, na swichi yenyewe iko kwenye ghala la chini ya ardhi ambalo mwenye nyumba hulifunga saa nne usiku. Januari, mtoto ana homa na kifua kimembana, mashine ya kumvukizia dawa ni ya Texas, mume yuko kwenye mazoezi ambako simu hukusanywa, na mimi nimesimama kwenye ngazi na kanzu ya kulalia, tochi ya simu inakaribia kuzima, nagonga mlango wa mzee wa Kijerumani ambaye akilala amelala. Nani alifikiri jambo hili likafaa? Nani alikaa ofisini akaona sawa? Nilisema maneno ambayo mama anaamini siyajui.

Turudi kwenye taadhima.

Hiyo kubwa ni ya kuazimwa kutoka ofisi ya samani ya kambi, na asubuhi yake niliibeba kuirudisha. Kijana wa kaunta hakuinua macho. "Jina la mdhamini?" Nikataja la mume wangu. "Namba yake?" Nikaitaja, naijua kuliko yangu. "Aje mwenyewe." Yuko porini. "Basi hati ya uwakili." Nikaitoa. Akaisoma mpaka chini kwenye sahihi. Hati hiyo inaniruhusu kuuza gari letu. Inaniruhusu kusaini mkataba wa nyumba. Kurudisha transfoma hainiruhusu, kwa kuwa haikutaja transfoma. Nikauliza je, nikiiacha hapa tu? Itahesabiwa imepotea, mama, na mumeo atakatwa mshahara. Nikaibeba tena.

Njiani nilianza kuiheshimu kwa dhati. Jeshi lilipotuhamisha, lilimkumbuka kibaniko cha mkate. Lilijua kwamba chombo cha Texas hakiwezi kazi hapa bila msaada, likafungua ofisi nzima, yenye kaunta na kijana, ili kisiungue. Mimi ni muuguzi. Leseni yangu ni ya Texas. Hospitali ya mji jirani imebandika tangazo la kutafuta wauguzi mlangoni, lakini leseni hiyo kwao ni karatasi mpaka nimalize tafsiri, mitihani na Kijerumani, na nikimaliza tutakuwa tumeshahamishwa. Zahanati ya kambi ingeipokea, ila nafasi ni chache na wake ni wengi. Jirani yangu amesomesha hesabu miaka na miaka. Sasa hupakia watu vyakula mifukoni kwenye duka la kambi, kazi isiyo na mshahara, bakshishi tu. Kwenye mkutano wa familia mke wa mkubwa mmoja, ambaye huvaa cheo cha mumewe bila kukishona, alitushauri tujipe shughuli: kuna darasa la kupamba keki. Nikamwuliza mashine ya kukorogea ni ya volti ngapi. Hakujua. Mumewe ana watu wa kumjulia.

Sasa kuna uvumi wa Korea. Stima ya huko ni volti 220 kwa mizunguko 60, kwa hiyo transfoma zitahitajika, lakini saa itakwenda sawa na miezi tisa itakuwa tisa. Mume wangu anasema zile mbili zilizo zetu tuziuze. Nimemwambia zinakwenda: uzito wa mizigo tunaoruhusiwa hupimwa kwa cheo chake, na kilo hizo angalau nitaziamulia mimi. Kabla ya kuondoka tena ameniachia hati mpya. Nimeisoma mstari kwa mstari. Transfoma zimetajwa, kubwa na ndogo. Blenda imesahauliwa.