Mbegu Masikioni

Mwaka wa kidato cha nne husomwa na nyumba nzima. Binti yetu alianza kusaga meno usingizini, kisha akawa anaamka saa nane za usiku kukariri fizikia, na kichwa kinamuuma toka asubuhi mpaka tuisheni ya jioni. Mke wangu akasema asomewe Yasini. Bibi yake, mama yangu, akasema aumikwe. Mimi nilisema apumzike, nikanyamazishwa.

Ndipo dada yangu akaja na habari za sindano za Kichina. Hapa Unguja si jambo geni: madaktari wa Kichina wanakuja kutibu visiwani tangu 1964, na wazee wa mtaani kwetu wameshachomwa sana, huyu kiuno, yule goti. Binti akapelekwa. Sindano zenyewe nyembamba hasa, hazina dawa ndani. Moja ikakaa kati ya nyusi, nyengine mikononi, baina ya kidole gumba na cha shahada. Akalazwa nazo nusu saa. Alirudi uso umekunjuka, akalala mpaka alfajiri.

Mimi nina shaka zangu. Tafiti kuhusu sindano hizi na wasiwasi hazijakubaliana, na ile ndiyo nusu saa pekee ambayo mtoto huyu hakutumwa dukani, hakupakatishwa mtoto wa jirani, wala hakuulizwa amefika sura ya ngapi. Hata mimi ningelala.

Balaa lilikuja na mbegu. Daktari alimbandika masikioni vijiplasta, kila kimoja na punje nyeusi ndani, avibonye kila roho ikimpanda juu. Daktari mmoja wa Kifaransa, Paul Nogier, ndiye aliyechora ramani ya sikio miaka ya 1950, akiliona kama mtoto tumboni, kichwa chini. Bibi alipoelezwa hilo, basi tena. Yeye amezalisha nusu ya mtaa. Nani wa kumfundisha mtoto wa kichwa chini? Punje zilipobanduka akabandika pilipili manga. Akambandika na mke wangu kwa presha, kitinda mimba kwa kukojoa kitandani, na mimi kwa ulimi wangu.

Siku ya mtihani wa majaribio, simu ikaja kutoka shule. Msimamizi alimwona mtahiniwa kila akikwama swali anapenyeza kidole ndani ya ushungi, anabonya sikio, kisha anaandika. Akamtoa nje: ana kifaa cha kuibia majibu.

Nilikwenda na Bibi, na heri ningekwenda peke yangu. Mwalimu alitazama masikio yangu, akatazama ya Bibi, akauliza mtandao wetu una watu wangapi.

"Mwanangu," Bibi akamjibu, "wewe kichwa kinakuuma upande gani?"

"Bi Mkubwa, naomba ukae."

Plasta zikabanduliwa moja moja juu ya meza. Punje moja ikabingirika mpaka chini ya mafaili. Mwalimu akaiokota, akainusa, akapiga chafya. Binti akarudishwa kwenye mtihani, masikio mekundu.

Bibi hajakiri kitu. Sindano zinaendelea kila Jumamosi, na siku hiyo sasa hatumwi popote. Nawe kama una mtahiniwa nyumbani, mpeleke kwa mwenye ujuzi, sindano zifunguliwe mpya mbele yako, na mbegu zibanduliwe kabla hajaingia chumba cha mtihani. Pilipili manga tieni kwenye pilau.