Muulize Shangazi: Maembe Yamezidi, na Sweta Nazo

Msimu wa maembe ukifika, barua zangu hubadilika. Ugomvi wa mawifi unapungua, wanakuja watu wenye ndoo. Mwaka huu wamefuatana na wenye sindano za kufumia. Haya, tuanze.

*Shangazi, shikamoo. Tuna miembe miwili ya dodo hapa Kibamba. Nimetengeneza achari chupa nyingi, sasa mume wangu akiiona mezani anasema ameshiba. Nusu yake imeota ukungu. Nifanyeje? — Mama Achari*

Marahaba. Mumeo hana kosa. Achari hukaa pembeni mwa sahani ya pilau. Wewe, naona, umeifanya mboga. Nadhani hata chai ya asubuhi imeonjeshwa.

Ukungu una sababu zake. Embe la achari ni changa na gumu: likatwe vipande, lipakwe chumvi, lianikwe juani mpaka lisinyae. Ukifanya haraka, maji yanabaki ndani, na hapo ukungu umeukaribisha mwenyewe. Kisha viungo, siki, na mafuta yanayofunika vipande vyote. Chupa ichemshwe na ikauke kabisa. Kijiko kiwe kikavu. Humo ndani mwako kuna mtu anayechovya kijiko kilichotoka kwenye mchuzi. Mtafute kwa upole. Yenye ukungu mwaga yote. Usikwangue juu ukala chini, maana ukungu huzama mpaka macho yasipofika.

Dodo zilizoiva hazifai kwa kazi hiyo. Zipikie jamu: kilo ya tunda, sukari pungufu kidogo ya kilo, na maji ya limau. Embe bivu peke yake haligandi vizuri, hivyo changanya na mapera, ambayo yana pektini ya kutosha. Dondosha tone kwenye sahani iliyopoa, lisukume kwa kidole, likijikunja, epua. Sukari ikikushinda bei, gawa maembe. Sijawahi kupata barua ya jirani anayelalamika kuletewa dodo.

*Shangazi, natarajia kujifungua Januari hapa Temeke. Mama mkwe yuko Njombe na ameshatuma sweta tano, kofia za kufunika masikio na soksi za kufika magotini, zote za kufuma. Anataka mtoto atoke nazo hospitali, apigwe picha. Nisipomvalisha nitaambiwa najidai. — Mkaza Mwana, jasho linanitoka*

Mama mkwe hana nia mbaya, ana Njombe tu. Kule, Juni na Julai, mtu huona pumzi yake mwenyewe asubuhi, na mtoto asiye na sweta huitishiwa kikao cha ukoo. Mwenzio amefuma kwa hali ya hewa anayoijua.

Wewe utakuwa na Januari ya Dar es Salaam, joto la nyuzi 30 na zaidi. Tena uzi unaouzwa kwa jina la sufu mara nyingi ni akriliki, plastiki iliyosokotwa, na jasho la mtoto halina pa kupita. Saa zake za kwanza wakunga watamfunika na kumvika kofia. Usibishane nao, wanajua wanachofanya. Mkishafika nyumbani, mguse kifuani au nyuma ya shingo. Akiwa wa moto na ana unyevu, mpunguzie nguo. Akilala ndani, kofia ivuliwe.

Nguo yake ya kweli ni kanga yako ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mpe fundi akate vishati vya kufungukia mbele. Kanga mpya ifue kwanza, ina uwanga na rangi inayochuja.

Halafu piga simu Njombe, wewe mwenyewe, usimtume mumeo; ataharibu. Sema: "Mama, shikamoo. Tunashukuru sana kwa mikono yako. Juni tukijaliwa tunamleta mjukuu wako, atakuwa anaelekea miezi sita. Tunaomba utufumie za ukubwa huo." Hizi tano piga nazo picha mbele ya feni, dakika mbili, kisha mvue.

*Mimi ni bodaboda, nimejifunza kroshia kwenye simu nikamfumia mwanangu soksi. Kijiweni wananicheka. — Baba Soksi, Mbeya*

Waulize suruali zao zimeshonwa na nani. Mafundi cherehani wa barazani wengi ni wanaume wenzao. Mimi wasiwasi wangu ni soksi zenyewe: zigeuze ndani nje. Uzi unaoning'inia hujisokota kwenye kidole cha mguu ukazuia damu, mtoto akalia usiku kucha nanyi mkadhani ni tumbo. Kata nyuzi zote. Ukifuma sweta, vuta kila kifungo kwa nguvu; kinachong'oka mkononi mwako kitaishia kooni mwake.

*Nina jamu ya mapera, na chakula cha watoto cha boga na asali, kwenye chupa. Dada amebuni lebo ya dhahabu, "Asili Tupu". Nianze kuuza? — Mjasiriamali, Morogoro*

Asali itoe leo hii. Mtoto hapewi asali kabla hajatimiza mwaka, hata ya kuonja. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake haujaweza kuvishinda. Wa chini ya miezi 6 hahitaji boga lako, ana maziwa ya mama yake. Na boga halina uchachu wa kulilinda kwenye chupa, hata ulichemshe vipi kwenye sufuria ya nyumbani.

Jamu ni habari nyingine, sukari na limau vinaihifadhi. Nenda SIDO mkoani kwako. Wako kwenye kazi hii ya viwanda vidogo tangu 1973. Kisha TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vyakula, si TFDA kama zamani. Lebo ya dhahabu isubiri.

Kwa hiyo jamu endelea nayo. Boga mpikie mwanao, la siku hiyo hiyo, na usimuuzie mtu.