Jinsi ya Kuilevya Pikipiki kwa Shina la Mgomba

Ukitaka pikipiki yako inywe kilichoota kibanjani hapa Buganguzi, Muleba, nenda kwanza kwa mtengeneza rubisi, pombe ya ndizi. Hathubutu kukamua ndizi mbichi. Huzivundika shimoni siku kadhaa, zimefunikwa majani ya mgomba, kwa kuwa hamira haili wanga, inakula sukari; na humo shimoni ndizi inaugeuza wanga wake yenyewe. Zikishaiva humenywa, zikatiwa mtumbwini na kukanyagwa pamoja na nyasi hadi maji yatoke. Unga wa mtama uliokaangwa huja mwisho. Nusu ya elimu ya ethanoli, kinywaji cha pikipiki hiyo, iko hapo.

Nusu ya pili ni shina, na shina ni kaidi. Lina sukari tele, ila imefungwa ndani ya selulosi, nayo selulosi imezingirwa na lignini. Hata ulivundike mwaka mzima, litaoza tu. Basi likatekate, likamue, maana sehemu kubwa ni maji matupu, lianike, kisha lisage. Lichemshe katika maji ya kostiki soda. Vaa glavu na miwani: soda hiyo inachuna ngozi. Yale maji yakigeuka kahawia kama chai ya rangi, furahi, lignini inatoka. Suuza nyuzi hadi ukali wote uishe, ndipo utie vimeng'enya vya selulasi katika joto la nyuzi 50 hivi. Poza hadi kama 30, utie hamira. Wengine hutumia asidi na joto kali badala ya soda, lakini wakizidisha, sukari huungua ikawa fufurali, na fufurali huidhoofisha hamira.

Hamira ikimaliza kazi huja kukeneka, nako kuna sheria yake: bila leseni ni kosa, hata ukiapa kwamba mnywaji ni pikipiki.

Shina lenyewe usilihamishe kutoka kibanja hadi kibanja. Mnyauko wa bakteria ulionekana Muleba mwaka 2006, na panga chafu au shina lililobebwa hutosha kuusambaza. Wala usiyamalize mashina yako mwenyewe, kwani yakilazwa chini ndiyo mbolea ya migomba na kahawa. Mimi ningeanza na makapi ya kahawa ya maganda mashineni. Nyama iliyokaukia humo bado ina sukari, na ukiyachukua hujaunyang'anya mgomba chakula chake.