Jinsi ya Kuiaga Sabato Woodley, Saumu Ikibisha Hodi

Tisa Av, siku Wayahudi wanapofunga na kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, ina mazoea ya kuangukia Jumapili. Hata ikiangukia Jumamosi husukumwa mbele, maana Sabato haikubali kulia. Mwaka 2025 ilikuwa Jumapili, na 2029 itakuwa tena, kwa hiyo muda wa kujiandaa unao.

Jumamosi mchana kula. Nyama, divai, chochote. Talmud inaruhusu meza kama ya Mfalme Suleimani enzi zake. Ila malizia kabla jua halijatua, na jua la Nairobi halimngoji mtu: saa kumi na mbili unusu na dakika chache limeshakwenda, huku wenzako wa London wakiongeza sahani hadi karibu saa tatu usiku. Usithubutu kusema, "Naongeza chapati hii nisije nikazimia kesho." Sabato haitumikii siku nyingine. Tafuna kimya, kama mtu asiye na mipango yoyote.

Jirani Mwislamu akikuuliza daku utakula saa ngapi, mwambie hakuna. Saumu hii huanza magharibi na kuisha usiku wa pili, kama saa 25.

Sasa viatu, na hapa ndipo watu huumbuka. Ngozi imekatazwa siku hiyo, lakini kuvua viatu vya ngozi Sabato ikiwa bado ipo ni kuanza matanga kabla ya msiba. Sinagogi liko kona ya University Way na Uhuru Highway, kama kilomita sita kutoka mtaa wa Woodley, na Sabato matatu hupandi. Kubeba viatu vya kubadilisha njia nzima nako ni mwiko. Mwenye akili hupita soko la Toi katikati ya wiki, akanunua akala, akaziacha sinagogini Ijumaa kabla jua halijatua. Mvivu hukaa nyumbani hadi nyota zitoke, akasema, "Abarikiwe anayetenganisha kitakatifu na cha kawaida," akabadilisha viatu, kisha akadandia matatu ya Ngong Road na kufika bila tone la jasho. Sheria haina neno naye. Wa akala ndiye mwenye neno.

Jumamosi nyingine Sabato huagwa kwa divai, manukato na mshumaa. Usiku huu unabaki mshumaa peke yake: divai inangoja, na manukato huburudisha roho, nayo roho haina ruhusa. Bariki moto, kisha keti sakafuni usikilize kitabu cha Maombolezo. Mgonjwa asiyefunga yeye huaga Sabato kwa kikombe kabla hajala.

Jumapili usisalimie mtu. Jaribu hilo kutoka getini hadi madukani Adams Arcade! Ukisalimiwa unaweza kuitikia kwa sauti ya chini, asiyejua asije akaudhika. "Poa" ya kunong'ona inatosha. Watadhani una madeni.

Usiku nyota zikitoka, kikombe kilichoahirishwa kinarudi, bila mshumaa wala manukato. Divai ikikosekana, bia inafaa. Kuhusu chai marabi hawakubaliani. Wewe una njaa, mtafute anayeruhusu.