Mjadala wa Mnara na Korongo katika Bustani ya Uhuru

Bustani ya Uhuru ya Nairobi, ambayo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969 na ambayo ina ziwa la kuchimbwa ambako watu hukodi mashua, hutenganishwa na Central Park kwa barabara moja tu. Ng'ambo hiyo ndiko uliko Mnara wa Nyayo, uliojengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Kwa neno nyayo rais huyo aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, ingawa kinachochomoza kileleni mwa mnara ni mkono ulioshika fimbo, wala si unyayo. Siku moja juu ya fimbo hiyo alitua korongo marabu, yaani ndege mkubwa mwenye upara na mfuko wa ngozi shingoni, ambaye riziki yake ni takataka za mji, na mabishano yakazuka, kila mmoja akijitaja kana kwamba ni taasisi.

MNARA: Ndege ashuke, kwa kuwa Mnara huu ndio kumbukumbu kuu ya eneo hili, na kinyesi si sehemu ya maadhimisho.

KORONGO: Mheshimiwa asamehe. Lau mipango ya mwaka 1989 ingetimia, korongo asingehangaika na kimnara hiki, maana chama tawala cha KANU kilikusudia kusimamisha ndani ya Bustani ya Uhuru jengo la orofa 60 la makao yake na ya gazeti lake, Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya rais.

MNARA: Sanamu hiyo ingekuwa ndugu wa Mnara huu! Nani aliizuia?

KORONGO: Barua. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, yaani vuguvugu la upandaji miti lililotegemea wanawake wa vijijini, aliwaandikia wakubwa wa ndani na nje. Akadhihakiwa bungeni, shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali, na hata hivyo wafadhili wakajitoa na jengo likafia kwenye ramani. Fimbo ilikuwa wapi?

MNARA: Kazini. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula pale Freedom Corner, pembe ya Bustani ya Uhuru, polisi waliwatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi, na utulivu ukarejea.

KORONGO: Mheshimiwa ameruka ukurasa. Baadhi ya akina mama hao walivua nguo, jambo ambalo katika mila nyingi ni laana kwa kijana anayelitazama, kisha wakahamishia mgomo wao katika kanisa kuu la All Saints hapo jirani, na wengi wa wana wao wakaachiliwa.

MNARA: Basi kumbukumbu ya ushindi huo ionyeshwe, ili Mnara huu uipime urefu.

KORONGO: Ni nyasi zile. Tarehe 27 Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki alipoidhinisha katiba mpya, umati ulipata pa kusimama kwa sababu hapakuwa na orofa hata moja. Kwa sasa kumbukumbu hiyo imelaliwa na kijana aliyefunika uso kwa gazeti na kufanya viatu mto, na kando yake pana gunzi la mahindi ya kuchoma lenye punje kama tatu hivi, kwa hiyo Mheshimiwa amwie radhi korongo.

Akaruka.