Namna ya Kuharibu Karatasi Mpaka Upate Mtindo

Nenda dukani kwa Mangi ununue kaunta buku, ile yenye jalada gumu ambayo watu huandikia madeni. Daftari la wachoraji lenye karatasi nene nyeupe liache kwanza. Karatasi ya bei kali humtia mtu woga: anaona hasara kabla hajaweka hata mstari mmoja, na mwenye woga hachori, anapanga kuchora. Kaunta buku haitishi mtu. Imeshapigwa mistari kiwandani. Wewe unaendeleza tu.

Ukiwa hapohapo nunua peni, na raba uiache. Nasema kwa dhati. Mtazame anayeanza akichora sufuria. Anaanza na mdomo, ile duara iliyobonyea. Upande wa kulia umepanda kuliko wa kushoto, anafuta. Anachora tena, sasa wa kushoto ndio umepanda, anafuta. Karatasi inaanza kutoa manyoya, penseli inakwama kwenye manyoya, mstari unatoka mzito, naye anafuta kwa nguvu zaidi mpaka panatoboka. Saa nzima imekwenda na sufuria haijapata hata kitako. Mwenzake mwenye peni, kwa muda uleule, amechora sufuria nane, zote zimepinda, na ya nane imepinda kidogo kuliko ya kwanza. Huyu ndiye anayejifunza kuchora. Yule mwingine amejifunza kufuta.

Ugonjwa wa kutaka kila kitu kitoke sawasawa una hila moja kubwa: unajifanya bidii. Mtu akisema picha yake bado hajaimaliza, tunamsifu kwa umakini. Lakini picha isiyokwisha haiwezi kuhukumiwa na mtu yeyote, na hapo ndipo mgonjwa anapojificha, mwaka hadi mwaka. Dawa yake ni kumaliza. Maliza hata ile ambayo umeshaona haitakuwa nzuri, kwa sababu mambo magumu yako mwishoni: vivuli, vidole, pembe za karatasi ambazo hujui uweke nini. Mwenye kuachia njiani hafiki huko. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.

Sasa mtindo. Wanaoanza huutafuta kama anayechagua kitenge: wiki hii katuni za Kijapani, wiki ijayo rangi za maji, baadaye nyuso za penseli zinazofanana na picha za kamera. Kila wiki wanaanza upya, na mkono haupati nafasi ya kuzoea chochote.

Linganisha na mchoraji Edward Saidi Tingatinga, ambaye hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi, mara nyingi vya mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi ya kopo, ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo inang'aa lakini ni kaidi. Kuilainisha taratibu kutoka mwanga hadi kivuli ni kazi kubwa. Basi akapaka ubao mzima rangi moja, akaweka juu yake mnyama, kisha akamjaza madoa na mistari. Shingo na miguu havikufuata kipimo cha mbugani, na havikuhitaji kufuata. Picha ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alipopigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972 alikuwa amechora kwa miaka minne tu, na miaka hiyo ilitosha kuacha mtindo unaoitwa kwa jina lake hadi leo.

Huo mtindo ulitokana na uhaba wa vifaa na kurudia. Kwa hiyo jipangie uhaba wako. Peni moja, rangi mbili, na vitu vitatu vilivyo karibu: jiko la mkaa, kuku wa jirani, bodaboda iliyoegeshwa. Vichore hivyohivyo mpaka kitabu kijae. Kisha kifungue kuanzia ukurasa wa kwanza, na utaona jambo ambalo umekuwa ukilirudia bila kukusudia. Labda kuku wako wote wana shingo ndefu. Labda huachi nafasi wazi, kila pembe unaijaza vistari. Rafiki atakwambia hilo ni kosa, na pengine ni kosa kweli. Likikuudhi, lirekebishe. Ukilipenda, lizidishe: kuku wa kesho awe na shingo ndefu zaidi.

Kuhusu kunakili, wakubwa wenyewe hawakukubaliana. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwakataza wasanii kunakili. Alisema kunamlaza Mungu usingizi. Lakini January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah na Omari Amonde walijifunza kwa Tingatinga kwa kufuata mkono wake, na bila wao mtindo ule ungezikwa naye. Waliokuja baadaye wakaongeza vijiji, masoko na umati wa watu. Mimi namwambia anayeanza anakili, tena bila aibu, na aandike chini jina la aliyemwiga. Kisha aifunike ile picha na kuichora tena kwa kumbukumbu. Atakachosahau, na atakachoweka badala yake, ndicho chake. Njau ana haki mahali pengine: kwenye maduka ya watalii, ambako twiga yuleyule anauzwa mara mia, kila mmoja na sahihi yake. Huko ni kutega kazi.

Kuna tabia moja zaidi ya kuacha, ya kumwonyesha mtu picha huku ukiomba radhi. "Samahani, sijui kuchora." Ukishasema hivyo umemfundisha aone makosa tu. Mpe picha unyamaze, aangalie kwa macho yake, na atakalosema lisikilize bila kujitetea.

Na kama una picha iliyolala kabatini tangu mwaka jana ikisubiri siku utakapoweza kuchora macho vizuri, itoe leo. Weka hayo macho kwa mkono ulio nao, andika tarehe na jina lako, umpe mtu.