Ngeli za Wasemaji wa Vita: Utangulizi Mfupi

Wanasarufi walishazigawa nomino zetu katika ngeli, na kila aliyewahi kuchapwa darasani kwa kuchanganya KI-VI na U-ZI anaikumbuka kazi yao. Wasemaji wa vita bado hawajagawanywa. Makala haya yanaziba pengo hilo kwa kuwachunguza Wakenya waliobishana, tangu Oktoba 2011, kama ilifaa jeshi lao kuingia Somalia kuwasaka Al-Shabaab. Mbinu ya utafiti ilikuwa kusikiliza. Gharama yake ilikuwa kahawa.

Ngeli ya kwanza, na yenye watu wengi kupindukia, ni ya Majenerali wa Barazani. Hupatikana penye dele la kahawa, na utawajua kwa namna wanavyotwaa vyombo vya wenzao: kikombe chako kinageuka Kismayo, kashata iliyomegwa ndiyo Afmadow, kidole kilicholowa kahawa kinachora njia kutokea Liboi. Kidole hufika Kismayo kabla kahawa haijapoa. Jeshi lenyewe lilivuka mpaka tarehe 16 Oktoba, likakutana na mvua, magari yakakwama matopeni, na Kismayo ikatwaliwa mwishoni mwa Septemba mwaka uliofuata. Jenerali wa Barazani hakutikisika. Matope, alieleza, ni mbinu ya kivita.

Tusimwonee, lakini. Msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, naye alitangaza kwenye Twitter orodha ya miji kumi ya Somalia ambayo ingeshambuliwa mfululizo, na ndani yake Baidoa na Baydhabo zikahesabiwa mbili. Ni mji mmoja. Wakazi wake walikuwa wameahidiwa mabomu mara mbili.

Ngeli ya pili ni ya Wanakatiba. Ni wachache, sauti zao kali, na hutembea na Katiba ya 2010 iliyokunjwa kwenye ibara ya 95 na ya 132, zinazosema Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Swali lao halibadiliki: nani alitangaza? Kilichotokea ni kwamba tarehe 15 Oktoba waziri wa usalama wa ndani, George Saitoti, na yule wa ulinzi, Yusuf Haji, waliita wanahabari, ikatajwa ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inayohusu kujilinda, na kesho yake askari wakavuka. Sababu hazikuwa hafifu: wageni walikuwa wametekwa Kiwayu na Manda, na wafanyakazi wawili wa misaada wametoroshwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Bunge lilipitisha idhini yake Disemba, ya askari kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na wakati huo askari walishalala Somalia wiki kadhaa. Mwanakatiba huita hiyo posa ya baada ya harusi. Jenerali humjibu kwamba adui hangoji akidi itimie.

Mwanakatiba anachosha, na ana haki. Kura ya kuanza ingewalazimisha wabunge kutaja lengo, na lengo likishatajwa kuna siku mtu atauliza kama limefikiwa. Sisi badala yake tumekuwa tukibadilisha majina ya operesheni: Linda Nchi, kisha AMISOM, kisha ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM.

Zipo ngeli ndogo. Wahasibu huuliza vita vinagharimu kiasi gani, wakaambiwa usalama hauna bei, wakanyamaza. Wanamkaa hushikilia kwamba yote haya ni biashara ya mkaa wa bandari ya Kismayo; ningewacheka zaidi kama wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wasingeandika nao kuhusu mkaa huo, uliokuwa ukisafirishwa huku Baraza la Usalama limeshaupiga marufuku.

Ugumu wa kinadharia ni huu: nomino haihami ngeli, msemaji huhama usiku mmoja. Baada ya shambulio la Al-Shabaab kwenye jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa, na tena baada ya lile la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, Majenerali kadhaa waliamka wakiwa Warudisheni-Vijana-Nyumbani, na Warudisheni kadhaa wakaamka Majenerali. Maiti walewale walikuwa ushahidi wa pande zote mbili: wametushambulia kwa kuwa tuliingia, tuliingia kwa kuwa wanatushambulia. Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu jeshi lilipovuka mpaka. Kufikia 2014, akiwa upinzani, alikuwa anataka lirudi.

Ngeli ya mwisho haikujipanga yenyewe. Ni ya Waulizwa-Kipande. Msomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, hakuulizwa maoni yake kuhusu vita, aliulizwa kitambulisho. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa, na wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa. Alikuwamo Mkenya aliyetoa kipande chake, akatakiwa athibitishe kwamba ni chake kweli. Hapo mtafiti anakuta kazi yake imeshafanywa na dola, tena kwa ngeli mbili tu. Al-Shabaab nao wana zao mbili: Novemba 2014 waliteka basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Disemba 2015, walisimamisha basi jingine huko huko Mandera wakaamuru abiria wagawanyike. Abiria Waislamu walikataa. Sina ngeli ya kuwaweka hao.

Kiambatisho kuhusu punda. Mapema Novemba 2011 Meja Chirchir alitoa onyo jingine: kundi kubwa la punda waliobebeshwa mizigo, likiwa safarini, litahesabiwa kuwa shughuli ya Al-Shabaab. Majenerali waliliafiki papo hapo. Wafugaji, ambao punda huwabebea maji, hawakuwapo barazani. Wanakatiba walilisoma tangazo mara mbili na kugundua upungufu wa kisheria: halikutaja kundi kubwa linaanzia punda wangapi.